Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeimba sauti ya pili

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba unafikiria kuacha kwaya, kwa kuwa kila penye solo huitwa mtu wa sauti ya kwanza, nanyi wa sauti ya pili mnabaki kujaza katikati. Kuacha au kubaki ni uamuzi wako, na siuingilii. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujaamua, uzisikilize rekodi za Teresa Berganza, mwimbaji wa opera kutoka Hispania aliyekuwa na sauti ya mezzo-soprano, yaani ile iliyo chini ya soprano (sauti ya juu kabisa ya kike) na juu ya kontralto (ya chini kabisa), karibu kabisa na hiyo yako. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu wapo wengine wenye manung'uniko hayo hayo.

Berganza alizaliwa Madrid mwaka 1933 na akafariki mwaka 2022. Mengine ya maisha yake utayasoma mwenyewe. Mimi nataka usikilize.

Anza na "Una voce poco fa", aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya msichana Rosina katika Il barbiere di Siviglia, opera ya Rossini, kwenye rekodi ya opera nzima ya mwaka 1971 iliyoongozwa na Claudio Abbado. Opera hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1816, na Rosina wa kwanza, Geltrude Righetti-Giorgi, alikuwa mwanamke wa sauti nzito. Baadaye waimbaji wa soprano waliitwaa sehemu hiyo, wakaipandisha aria kwa nusu toni na kuirundikia mapambo ya juu, hata wasikilizaji wengi wakasahau kwamba haikuwa yao. Abbado alitumia toleo lililohaririwa na Alberto Zedda, ambalo lilirudi kwenye maandishi ya Rossini mwenyewe, na hapo ndipo utamsikia Rosina akiwa msichana anayepanga mambo yake kwa makini. Anajisifia upole na utii wake, kisha anageuka na kuonya kwamba akichokozwa atakuwa nyoka. Berganza hahitaji kupaza sauti ili onyo hilo liaminike. Wapo wanaopiga kelele mahali hapo, na kwangu hao humpunguza Rosina.

Hata hivyo, rekodi ambayo ningependa ukae nayo kwa muda mrefu zaidi ni ya La clemenza di Tito, opera ya Mozart, chini ya István Kertész, iliyofanywa mwaka 1967. Humo Berganza ni Sesto, kijana wa Kirumi. Usishangae kumsikia mwanamke katika nafasi ya mwanamume: opera ilipoonyeshwa kwanza mjini Prague mwaka 1791, Sesto aliimbwa na Domenico Bedini, mmoja wa wale wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike, na desturi hiyo katili ilipokoma, majukumu mengi ya namna hiyo yaliwaangukia wanawake wa mezzo-soprano. Sesto anampenda Vitellia, naye Vitellia anamtaka amuue kaisari Tito, ambaye ni rafiki wa Sesto. (Kwa maoni yangu Vitellia hastahili hata nusu ya wimbo anaoimbiwa.) Katika "Parto, parto" kijana anakubali kwenda, lakini anaomba kwanza apatanishwe na mpenzi wake. Aria inaanza polepole, inaongeza mwendo, kisha inaukaza tena, huku klarineti, ala ya kupuliza, ikijibizana na mwimbaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Mozart aliiandika klarineti hiyo kwa ajili ya Anton Stadler, mpigaji aliyempenda. Sikiliza jinsi chombo na sauti vinavyokutana katika eneo lile lile la katikati, kiasi kwamba kuna mahali ambapo kimoja kinapokea pumzi ya kingine. Kuelekea mwisho noti zinakimbia tatu tatu, na Berganza anaitamka kila moja bila kuiburura.

Zingatia pia kwamba sauti yake haikuwa kubwa. Alilijua hilo, akajenga kazi yake juu ya Mozart na Rossini badala ya kushindana na okestra zito. Carmen, opera ya Bizet, aliingojea hadi mwaka 1977, katika tamasha la Edinburgh, miaka 20 baada ya kuanza kuimba opera huko Aix-en-Provence, Ufaransa. Na kabla ya kuicheza alimwandikia mkurugenzi wa tamasha, Peter Diamand, akieleza kwamba kwake Carmen ni mwanamke aliye huru, si kahaba. Katika rekodi aliyoifanya na Abbado, Habanera, wimbo wa Carmen, unateremka nusu toni kwa nusu toni, naye anakanyaga kila ngazi bila kuteleza na bila madoido ya kiuno. Uisikilize baada ya Sesto, si kabla, kwa sababu wimbo huo umezoeleka mno, na sikio likidhani linaujua huacha kusikiliza.

Wako,
Kaka yako