Treni ya mandhari itufae na sisi wafanyakazi

Mhariri,

Reli inayofuata mto na kupenya milimani husifiwa kwa mandhari yake, lakini sisi tunaoishi shamba na kufanya kazi mjini tumesahauliwa. Treni huondoka jua limeshapanda, kwa ajili ya watalii. Ya mwisho kurudi hung'oa nanga kabla ofisi hazijafungwa. Mimi huipata ile ya kwenda mjini siku za zamu ya mchana tu. Hapo hukaa upande wa mto, nikasoma kidogo, nikatazama watu wakipalilia, nikafika kichwa kimetulia. Kwa basi nafika nimeshachoka.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma husuguana kidogo, ndiyo maana treni hubeba wengi kwa nishati ndogo. Tuwekewe moja ya alfajiri, na tiketi ya mwezi. Na madirisha, jamani, yasafishwe!

Msomaji wako