Lulu ya kufugwa sio feki

Mhariri naomba nafasi, maana kuna barua humu wiki iliyopita ilisema lulu za kufugwa ni feki, eti ya ukweli ni ile ya punje ya mchanga kuingia kwenye chaza, yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili. Hapana jamani.

Kwanza huo mchanga. Chaza anachuja maji yenye mchanga kila siku na anautema, ingekuwa kila punje inageuka lulu tungekuwa tunaziokota kama kokoto. Mara nyingi kinachotokea ni kimelea kutoboa ile ngozi laini ya ndani iliyolala kwenye gamba, au ngozi yenyewe inaumia, seli zake zinasukumwa ndani mwilini, na seli hizo kazi yao ni kujenga gamba tu, basi huko zilikoangukia zinatengeneza kifuko na kuendelea kumwaga ule ule mng'aro wa ndani ya gamba, tabaka juu ya tabaka. Ndo lulu hiyo.

Wajapani wameiga hiyo ajali. Mikimoto, mfugaji lulu wa huko, alipata nusu lulu, yaani duara upande mmoja tu, mwaka 1893, za duara zikaja baadaye. Chaza anafunguliwa kidogo, anachanjwa, anawekewa gololi iliyochongwa kwenye gamba la kome wa mtoni pamoja na kipande kidogo cha ngozi ya chaza mwingine, na hicho kipande ndo siri yenyewe, bila hicho gololi inabaki gololi. Alafu anarudi majini miezi mingi, hata miaka, wengine wanakufa na wengine wanaitema. Kazi yote ya kuifunika anafanya chaza mwenyewe, sasa ufeki uko wapi?

Tofauti ipo, sikatai. Ya asili ni tabaka mpaka katikati, ya gololi tabaka lake mara nyingi halifiki hata milimita 1. Chukua iliyotobolewa uchungulie tunduni kwa lenzi, utaona kamstari gololi inapoishia na lulu inapoanzia. Ila zile za China za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, nyingi hazina gololi, huwekwa ngozi tu, hapo kuzitofautisha na za asili ni mpaka eksirei.

Feki ni kioo au plastiki iliyopakwa rangi, isugue taratibu kwenye jino inateleza, wakati lulu, iwe ya asili au ya kufugwa, inakwaruza kidogo. Naomba mkiandika tena neno feki mliache kwa hizo za plastiki.

Msomaji wenu