Kabla hamjajaza kozi: barua kwa wahitimu wa kidato cha sita, Dodoma

Mbukwenyi wanangu.

Poleni na mtihani, na hongereni kwa kuumaliza. Najua wengine mmesharudi Kondoa, Chemba, Bahi, Kongwa na Mpwapwa na matranka yenu, wengine mko hapa mjini kwa shangazi mkisubiri majina ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nawaandikia sasa, kabla matokeo hayajatoka, kwa sababu yakishatoka Julai hamtanisikia. Kila mtu atakuwa anahesabu pointi.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule ya mchanganyiko hapa Dodoma mpaka nilipostaafu. Mwalimu anamjua mwanafunzi kwa daftari lake. Matroni anamjua usiku wa manane anapoumwa tumbo, anamjua siku sanduku la mwenzake limevunjwa, anamjua jioni ya Jumapili ambayo wazazi wa wengine wamekuja na wake hawakuja. Mahafali bado mnanialika na bado nakuja. Nasikia risala ikisomwa kwamba wahitimu hawa wanatarajia kuwa madaktari, wanasheria, wahandisi na wahasibu, mgeni rasmi anapiga makofi, nami nawatazama mmoja mmoja mkiwa na mashada shingoni. Ninayoyajua juu yenu hayamo kwenye ile risala.

Kuna binti mmoja wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, simsahau. Mwaka ule maji yalikuwa ya mgao, bomba linafunguliwa alfajiri kidogo tu, na kila siku ndoo zilikuwa zinaleta ugomvi, mpaka watu wanachaniana sare. Huyu binti hakuwa kiranja wa kitu chochote. Alichana karatasi ya katikati ya daftari, akapanga vyumba kwa zamu, akaziwekea ndoo alama za rangi ya kucha, chumba hiki nyekundu, kile ya pinki. Ndoo za wagonjwa akazipeleka mbele kabisa. Ugomvi ukaisha kabla sijajua nani kaumaliza. Sasa huyu huyu alikuwa anataka kujaza udaktari kwa sababu baba yake alishatangaza kijiji kizima, ingawa damu tu ilikuwa inamtoa jasho. Tulikaa, tukaongea, baba naye akaja tukaongea. Akaenda Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, hapo hapo Dodoma. Leo yuko halmashauri, na kisima kikileta mgogoro kijijini, yeye ndiye anayepigiwa simu.

Ndilo ninalotaka kuwaambia. Kabla ya kujaza kozi, tazameni mlichokuwa mnakifanya bila kuamriwa na bila mtu kukipa alama. Divisheni itakuonyesha milango ipi iko wazi. Uingie upi, hilo divisheni haiwezi kukuambia.

Wewe kijana wa HGL, wa historia, jiografia na lugha, uliyekuwa unaitwa kila spika ikikoroma katikati ya mdahalo, ukaja na bisibisi mfukoni na kisu cha kumenyea nyaya, wakakucheka kwamba HGL na nyaya wapi na wapi. Hilo si jambo la kucheka. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam mpaka hapa kwetu, na mitambo ya namna ile inataka watu wa kuitunza usiku na mchana. VETA, chuo cha ufundi stadi, iko Dodoma. Kusema VETA ni ya waliofeli ni uongo, na umewapoteza vijana wengi niliowaona wakimaliza shahada wasiyoipenda, kisha wakarudi kwenye nyaya wakiwa na miaka thelathini na deni juu.

Nanyi mabinti ambao wenzenu walikuwa wanahamia kitandani kwenu taa zikizimwa, wanalia, mnawasikiliza, na asubuhi siri haijatoka nje. Mmekua mkisikia jina la Mirembe likitumika kama tusi. Hospitali ile ipo tangu 1927, ni ya Taifa kwa afya ya akili, na watu wanaletwa pale kutoka kila pembe ya nchi. Uuguzi wa afya ya akili, saikolojia, ustawi wa jamii: kozi hizi watoto wetu wanaziruka kwa aibu ya jina tu. Naomba msiziruke. Nimeona bwenini jinsi msichana anayejua kunyamaza na kusikiliza anavyoweza kumwokoa mwenzake, na hiyo ni kabla hajafundishwa lolote.

Aliyetunza michango ya vyama vya dini vya wanafunzi, TYCS, UKWATA au TAMSYA, na kila shilingi ikaonekana, uhasibu unamfaa kuliko aliyeuchagua kwa kupenda suti. Wanamichezo wa UMISSETA mnajijua, sina haja ya kuwasemea.

Ila watoto wa wakulima nitawasemea. Wengi wenu ada imelipwa na zabibu, alizeti na ng'ombe, na wengi mnaandika kwenye fomu kozi ya kuwakimbiza mbali na hivyo vitu. Zabibu yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na bado mzazi anabaki na mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, kwenye matangi hana wa kumuuzia. Jiji limekua, wizara zimehamia, watu wa kunywa juisi wapo. Aliyesoma CBG (kemia, baiolojia, jiografia) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati) akaelewa usindikaji na soko, akarudi Hombolo au Mpunguzi, atamfaa baba yake kuliko mwanasheria wa kumi na moja ukoo mzima. Kituo cha utafiti wa zabibu kiko Makutupora. Mpwapwa utafiti wa mifugo una zaidi ya miaka mia moja, na kuna ng'ombe wanaitwa Mpwapwa kwa sababu walizalishwa pale. Nendeni mkaulize, hakuna atakayewafukuza getini.

Wapo pia ambao hamkufanya lolote la kuonekana. Hamkuimba, hamkugombea uongozi, mlikaa kona ya bweni. Nataka mjue niliwaona. Mtu anayeweza kukaa kimya saa tatu na jedwali moja la takwimu anatafutwa sana, basi tu hatangazwi kwenye mahafali.

Sasa kwenye fomu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ni deni, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe. Usikope kwa ajili ya kozi ya kumfurahisha mjomba. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoombea chuo iwe ile ile unayoombea mkopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo vivyo hivyo. Na tafadhali sana, ukijaziwa fomu steshenari, barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, nywila uiandike mwenyewe kwenye daftari. Nimeona vijana wamekosa kuthibitisha chuo kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari, naye ameshahama mtaa.

Binti zangu wa vijijini, nawasemesha peke yenu. Miezi hii ya kusubiri ndiyo posa zinakuja. Mnaambiwa matokeo yenyewe hayajulikani, bora uolewe. Ukiona mambo yanakwenda huko, usinyamaze kwa heshima. Mwambie mwalimu wako wa kike, nenda kwa mtendaji wa kata, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii, na ukiwa umeitwa JKT nenda mapema. Kambini utachoka, lakini hakuna atakayekuja kukuposa.

Na wote mnaokwenda kambini, iwe hapa Makutupora au mbali, jueni kwamba muda wa kuomba vyuo na mikopo unaweza kuwakuta huko, na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa haifuatiliwi kutoka kwenye gwaride. Wiki hii tafuteni mtu mmoja nyumbani mnayemwamini, mwachieni nakala za vyeti kwenye bahasha, picha za pasipoti, na karatasi yenye kozi mlizozichagua wenyewe kwa mpangilio wake, ili asije mtu mwingine akawachagulia.

Mama yenu,
Matroni mstaafu, Dodoma