Msimtwike Mark Twain maneno yasiyo yake

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lenu tangu ujana wangu, na miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Leo imenibidi. Ni kwa sababu ya makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu Mark Twain, mwandishi wa Marekani, ile yenye picha ya mzee wa masharubu aliyevaa suti nyeupe, mkamwita "mchekeshaji aliyeishi kwa kicheko".

Mmeandika kwamba Twain maana yake ni mapacha. Siyo. Jina alilopewa na wazazi wake ni Samuel Clemens, na kabla ya kuwa mwandishi alikuwa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi. Leseni yake aliipata mwaka 1859. Kwenye meli hizo mtu alisimama na bildi, kamba yenye risasi nchani, akipima kina, na maji yakifika pima mbili, yaani futi 12, alipaza sauti: "Mark twain!" Rubani akajua chombo kinapita salama. Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, na pima na bildi ni maneno tuliyokua nayo nyumbani. Mngemuuliza mzee yeyote wa pwani angewaeleza.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni ule msemo mlioutia kwenye kisanduku, kwamba uongo huzunguka nusu ya dunia wakati ukweli ungali unavaa viatu, na chini yake mkaweka jina la Twain. Maneno hayo hayamo katika maandishi yake. Wazo linalofanana nalo liliandikwa na mwandishi Jonathan Swift wa Ireland mwaka 1710, miaka 125 kabla Twain hajazaliwa.

Wiki mbili baada ya makala yenu nilikwenda kumchukua mjukuu wangu shuleni. Nikamkuta fundi juu ya ngazi, brashi mkononi, anamalizia ukuta wa darasa la saba: msemo ule ule, herufi za buluu zenye urefu wa kiganja, na jina la Twain kwa rangi nyekundu. Rangi ya mafuta, Mhariri, siyo chokaa ya kufutika na mvua. Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamweleza kwa adabu. Akafungua droo akanitolea kipande cha gazeti lenu, kimekatwa vizuri kwa mkasi. "Mzee, limetoka gazetini hili." Nikabaki nimesimama. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe miaka 31 nimewafundisha vijana kwamba kilichochapwa kimeshahakikiwa.

Kwa maana mimi nilikuwa mpanga herufi. Nilizipanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, nikisoma mstari kama anayesoma kwenye kioo, na p na q zilinitoa jasho mpaka vidole vikazizoea. Kisha prufu, karatasi ya majaribio, ilikwenda kwa mzee mmoja mwenye penseli nyekundu, na bila saini yake mashine haikuguswa. Siku hizi sioni dalili ya mzee huyo katika gazeti lolote. Ndiyo maana kila asubuhi naletewa kwenye simu picha ya machweo yenye maneno ya Mwalimu Nyerere ambayo Mwalimu hakuyatamka popote, na watu wazima wanayasambaza. Marehemu hawezi kukanusha.

Na huyo Twain alikuwa mwenzetu wa kazi! Baba yake alifariki mwaka 1847, naye akiwa mtoto bado akaingia uanagenzi katika kiwanda cha uchapaji. Fedha zake nyingi alizipoteza kwenye mashine ya kupanga herufi iliyobuniwa na James Paige, isiyokubali kufanya kazi. Mwaka 1894 kampuni yake ya vitabu ikafilisika. Sheria haikumlazimisha kulipa kila senti, lakini akiwa na miaka karibu 60 akazunguka dunia akihutubia, Australia, India mpaka Afrika Kusini, na kufikia 1898 wadai wote walikuwa wamelipwa. Katikati ya taabu hiyo, Agosti 1896, yeye akiwa Uingereza, binti yake Susy akafa Marekani kwa homa ya uti wa mgongo, umri miaka 24. Mkewe Olivia alifariki 1904, na binti mwingine, Jean, mkesha wa Krismasi 1909. Hayo ndiyo mliyoyaita kuishi kwa kicheko? Kisha mkaacha lile linalotuhusu sisi kabisa. Mwaka 1905 alitoa kijitabu ambamo Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo wakati huo, anajisemea peke yake, akilaani kamera kwa kuwa ndiyo shahidi pekee ambaye yeye mfalme alishindwa kumhonga, maana ilipiga picha za Wakongo waliokatwa mikono. Mapato yake aliyaachia chama kilichowatetea Wakongo. Jirani zetu, wasemao Kiswahili kama sisi, mtu huyu aliwapigania kwa kalamu yake, nanyi mkaona kinachofaa kuchapwa ni msemo asioutamka!

Mwalimu mkuu ameniambia yuko tayari kuufuta ukuta endapo gazeti lenyewe litakiri kosa. Basi naomba masahihisho ukurasa ule ule, ndani ya kisanduku cha ukubwa ule ule, siyo mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Yatoke kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kopo la rangi nyeupe nimeshalinunua, liko nyuma ya mlango wangu.

Mpanga herufi mstaafu,
Tanga