Risala ya Vijana Waelimishaji Rika wa Makambako kwa Mgeni Rasmi, Siku ya UKIMWI Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kata na mitaa, wahudumu wa afya, wazazi wetu na vijana wenzetu, tunawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Wazee wetu, shikamooni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi ni waendesha bodaboda, mama lishe, wapakia mbao na dada wa baa na gesti. Mji wetu ni njia panda: wa Tunduma anapita hapa, wa Songea anakatia hapa, na treni ya TAZARA inasimama hapa. Malori yakilala, biashara ya usiku inaamka. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Mkoani kwetu Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa wowote.

Kijana wa hapa hajakosa elimu ya UKIMWI. Ameisikia tangu shule ya msingi mpaka imemchosha. Anachokwepa ni lile benchi la nje ya chumba cha kupimia, ambalo mtaa mzima unalijua. Ndiyo maana tukahamia kwenye simu.

Anayetaka kupima anatuma meseji kwa namba ya kikundi, nasi tunampangia siku na mtu wa kumpokea. Meseji zetu hazitaji UKIMWI, VVU wala kupima, kwa sababu simu nyingi hapa ni za watu wawili watatu, na kiswaswadu hakina siri. Tunaandika hivi: “Mambo? Ile ya Jumamosi iko palepale. Jibu 1 kama unakuja, 2 kama unataka tuongee kwanza.” Wengi hujibu 2. Wenzetu wa Kenya walitutangulia: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa waliotumiwa “Mambo?” kila wiki, wakajibu “Sawa” au “Shida”, walizingatia dawa za ARV kuliko wasiotumiwa. Wale walikuwa tayari kwenye dawa, sisi tunawatafuta ambao hawajapima, lakini kijana anayeulizwa hali kabla ya kuhubiriwa hujibu.

Tunaishukuru Serikali kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, yaliyoruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi na kuruhusu watu kujipima wenyewe. Anayejipima kwa kipimo cha mate husubiri dakika 20, na hizo dakika ni ndefu jamani. Mwelimishaji hubaki naye hewani mpaka ziishe. (Wazee mtuwie radhi, Simba na Yanga wametusaidia hapo kuliko vipeperushi.) Ikitokea mistari 2, yaani dalili ya maambukizi, tunamwambia hilo si jibu la mwisho, kisha tunamsindikiza kituoni kuthibitisha na, ikibidi, kuanza dawa. Ukitokea mmoja, tunazungumza kondomu na dawa kinga, na kama alijiweka hatarini karibuni, arudie baada ya miezi 3.

Mheshimiwa mgeni rasmi, vocha tunachangishana. Tunaomba namba fupi isiyomkata kijana salio, maana asiye na shilingi ya meseji ndiye tunayemtafuta hasa. Tunaomba pia simu moja ya kikundi yenye nywila. Sasa hivi namba za watu zimo kwenye simu zetu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haituruhusu kuzichukulia kirahisi; simu ikiibiwa stendi, imeondoka na siri za watu.

Vipimo vya kujipima vikifika stendi na kwenye vijiwe vya bodaboda tutashukuru. Lakini ombi letu kubwa ni saa. Simu inamleta kijana mpaka mlangoni saa 12 jioni, akishamaliza hesabu ya bosi, na mlango ulishafungwa. Asubuhi hawezi kuja, ndipo abiria walipo. Tunaomba jioni moja kwa wiki, hadi saa 3 usiku. Chumba tumekiulizia na kipo, mshauri nasaha mmoja amekubali kubaki. Kinachosubiriwa ni kibali na posho yake ya saa za ziada.

Tunaomba kuwasilisha.