Barua ya wazi kwa mdhibiti wa vifaa tiba: asilimia tisa ya nini?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Ninaandika nikiwa mtu mwenye kisukari aina ya kwanza ambaye, kwa miaka kadhaa sasa, amekuwa akiamua kiasi cha insulini ya kudunga kwa kutazama namba inayotumwa kwenye simu na kihisi kilichobandikwa mkononi. Sina ugomvi na kifaa chenyewe, kwa sababu kimeniondolea sehemu kubwa ya adha ya kutoboa vidole na kimenionyesha mipando na mishuko ya sukari ambayo vipimo vinne au vitano vya kidole kwa siku visingeweza kuionyesha. Ninachokuandikia ni kuhusu namna usahihi wa vifaa hivi unavyotangazwa kwetu sisi tunaovivaa.

Usiku mmoja nilizinduka nikiwa nimelowa jasho, mikono ikitetemeka. Simu ilionyesha milimoli 4.9 kwa lita, mshale ukiwa umelala kana kwamba sukari imetulia, na kengele ilikuwa kimya. Nilinawa mikono, nikatoboa kidole, nikapata 3.2, yaani sukari iliyoshuka mno; nilirudia kwa kidole kingine nikapata 3.2 tena. Kesho yake niliwasiliana na wauzaji wa kifaa, nao wakanijibu kwa adabu kwamba kosa la wastani la kihisi chao ni asilimia tisa na kwamba tofauti za hapa na pale ni jambo la kawaida. Tofauti ya 1.7 juu ya 3.2 inapita asilimia 50. Sikuwa nimedai kwamba jambo kama hilo haliwezi kutokea; nilichotaka kujua ni asilimia tisa ya nini, iliyopimwa kwa watu gani, na sukari yao ikiwa katika viwango gani. Jibu la swali hilo halikuwamo kwenye boksi wala kwenye kijitabu cha maelekezo.

Naomba nieleweke kwamba natambua ugumu wa kazi ya kifaa hiki. Kihisi hakipimi damu, bali hupima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi. Kwenye vihisi vingi, kimeng'enya kilichopakwa kwenye uzi mwembamba huikabili glukosi, yaani sukari yenyewe, mmenyuko huo huzalisha mkondo mdogo sana wa umeme, na programu huubadilisha mkondo huo kuwa namba ya sukari. Glukosi huchukua muda kutoka kwenye damu kufika kwenye majimaji hayo, kwa kawaida dakika tano hadi kumi, na kwa hiyo sukari inapopanda au kushuka kwa kasi namba ya kwenye simu hubaki nyuma ya hali halisi. Siku ya kwanza, kidonda kidogo cha uzi kikiwa bado kibichi, vipimo huyumba zaidi. Ukikilalia kihisi, mgandamizo hukifanya kionyeshe sukari ya chini isiyokuwapo. Parasetamoli ilikuwa ikipandisha namba za baadhi ya vihisi vya zamani, na vitamini C kwa dozi kubwa bado huathiri baadhi ya vinavyotumika leo. Haya yote yanaelezeka na mvaaji anaweza kujifunza kuishi nayo, mradi aambiwe.

Kinachofichwa kimo ndani ya ule wastani. Kipimo kinachotumika kote huitwa MARD: mtafiti huchukua kila namba ya kihisi, huilinganisha na kipimo rejea, yaani kipimo cha damu kinachochukuliwa kuwa sahihi, cha wakati uleule, hutafuta tofauti kwa asilimia bila kujali kama kihisi kilizidisha au kilipunguza, kisha hupata wastani wa tofauti zote. Chukua mfano wa hesabu tu, Mheshimiwa, wenye vipimo 100. Vipimo 92 vimefanyika sukari ikiwa ya kawaida au ya juu, navyo vimekosea kwa asilimia 8. Vinane vimefanyika sukari ikiwa imeshuka, navyo vimekosea kwa asilimia 30. Wastani wa jumla unakuwa asilimia 9.76. Kifaa hicho kitatangazwa kuwa na kosa lililo chini ya asilimia kumi, na tangazo litakuwa la kweli, ilhali mahali ambapo kosa linaweza kumpotezea mtu fahamu kinakosea karibu mara nne zaidi ya kwingineko. Sukari ikiwa 12 na kihisi kikasema 13.2, hakuna atakayedhurika. Sukari ikiwa 3.0 na kihisi kikasema 4.2, kosa ni lilelile la 1.2, lakini kengele iliyowekwa kwenye 3.9 haitalia, na pampu inayojiendesha yenyewe kwa kufuata namba hiyo inaweza kuendelea kutoa insulini ambayo ilipaswa kusitishwa.

Ule usemi wa "bila kujali" ndio unaonikera kuliko vyote. Kihisi kinachosoma chini kuliko hali halisi humwamsha mtu bure usiku, mpaka siku moja akaizima kengele kwa kuchoka; kinachosoma juu kuliko hali halisi humwacha amelala wakati anapaswa kuamshwa. Ni hatari mbili zisizofanana, na MARD huzihesabu kama kitu kimoja.

Zaidi ya hapo, wastani huo hutegemea mno jinsi utafiti ulivyofanywa. Ukiwachagua watu ambao sukari yao imetulia, namba itapendeza. Ukilinganisha na damu ya kidole badala ya damu ya mshipa, hasa baada ya mlo, utapata jibu tofauti, kwa kuwa damu ya kidole huwa na glukosi nyingi zaidi wakati huo. Kwa hiyo vihisi viwili vinavyojitangaza kuwa na asilimia tisa huenda havifanani hata kidogo, na daktari anayemshauri mgonjwa achague kipi hana namna ya kujua.

Kwamba jambo hili linawezekana kudhibitiwa si nadharia. Glukomita za kawaida, yaani mashine za kupimia tone la damu ya kidole, zina kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinachotaka angalau asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya miligramu 15 kwa desilita kutoka kwenye kipimo rejea (milimoli 1 kwa lita ni kama miligramu 18 kwa desilita) pale sukari ikiwa chini ya miligramu 100, na ndani ya asilimia 15 ikiwa 100 au zaidi. Kwa vihisi vinavyopima mfululizo kama changu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliweka mwaka 2018 masharti ya kundi la vihisi vinavyoruhusiwa kufanya kazi pamoja na vifaa vingine kama pampu, na masharti hayo yamegawanywa kwa viwango vya sukari: chini ya miligramu 70 peke yake, kati ya 70 na 180 peke yake, na juu ya 180 peke yake. Kwa kundi la chini, zaidi ya asilimia 85 ya vipimo lazima viwe ndani ya miligramu 15 kutoka kwenye kipimo rejea, na hakuna kipimo hata kimoja kinachoruhusiwa kusema sukari iko chini ya 70 wakati kwa kweli imepita 180, wala kinyume chake. Mtu anaweza kubishana kama asilimia 85 inatosha, nami ningekuwa wa kwanza kubisha. Lakini angalau hapo kuna namba ya kubishania.

Kuna pia suala la kalibresheni, yaani kukisawazisha kihisi kwa kipimo cha kidole, ambalo limezimwa kimyakimya. Vihisi vya awali vilimlazimu mvaaji atoboe kidole mara mbili kwa siku au zaidi ili kukisawazisha kifaa. Tangu vije vinavyosawazishwa kiwandani, mzigo huo umetutoka, na sitaki urudishwe. Hata hivyo, baadhi ya vifaa bado vinamruhusu mvaaji kuingiza kipimo cha kidole pale anapoona kihisi kimepotoka, ilhali vingine havina njia yoyote ya kufanya hivyo, na mwenye kihisi kinachosoma juu kila siku hubaki na chaguo la kukivumilia au kukitupa. Nakiri kwamba kusawazisha vibaya ni kubaya kuliko kutosawazisha: anayeingiza kipimo alichokipata kwa kidole kilichotoka kushika tunda, au wakati mshale unapanda kwa kasi, anakifundisha kihisi uongo. Ndiyo maana maelekezo ya wazi yanahitajika, yanayosema lini kusawazisha kunafaa, lini kunadhuru, na lini mtu aache kuiamini simu na kutoboa kidole, hasa pale mwili unaposema jambo moja na namba ikasema jingine.

Ombi langu ni kwamba hakuna kihisi kitakachosajiliwa na mamlaka yako bila jedwali la usahihi lililochapishwa kwenye kijitabu chake, kwa lugha ya mtumiaji, likitenganisha viwango vya sukari vya chini, vya kati na vya juu, likionyesha siku ya kwanza kando na siku zinazofuata, na likionyesha ni mara ngapi kifaa kilisoma juu na mara ngapi kilisoma chini. Jedwali litaje kipimo rejea kilichotumika, litaje pia kama watoto na wajawazito walikuwamo kwenye utafiti. Na kwa kuwa namba tunayoiona ni zao la programu kama ilivyo zao la kimeng'enya, kila badiliko la programu linalogusa hesabu hiyo lihesabiwe kuwa badiliko la kifaa, lichunguzwe, na sisi tuarifiwe kabla simu haijajisasisha yenyewe usiku.

Taarifa za hitilafu zinazoletwa na watumiaji kwenye ofisi yako nazo zifunguliwe kwa umma, zikiwa na jina la kifaa na namba ya toleo, bila majina ya wagonjwa. Yangu niliituma siku mbili baada ya usiku ule, nikiambatanisha picha ya simu na picha ya glukomita zikionyesha saa ileile. Nilipewa namba ya kumbukumbu, na mpaka leo sijapata jibu. Ningeshukuru iwapo jibu hilo lingekuja hadharani, kama barua hii.

Wako,
Mvaaji wa kihisi cha sukari