Taasisi za uchumi zikue, lakini sio kwa ghorofa

Kwako Mhariri,

Siku hizi ukisikia taasisi ya utafiti wa uchumi hapa Nairobi inataka kukua, ujue ni jengo jipya, ama mfadhili mpya, ama mkutano wa hoteli. Sina shida na majengo lakini hebu tuangalie wenzetu waliotoka kwenye ukomunisti walianzia wapi.

Chukua Prague, mji mkuu wa Wacheki. Mwaka wa 1991 ukomunisti umeanguka juzi tu, wasomi wengi wa uchumi huko walikuwa wamelishwa Marx na mipango ya serikali, mtu wa kufundisha uchumi wa soko kwa kiwango cha PhD ungemtafuta na tochi. Jan Švejnar, Mcheki aliyekuwa profesa Marekani, akashirikiana na Josef Zieleniec wakaanzisha kituo ndani ya Charles University, leo kinaitwa CERGE-EI. Wakaleta walimu kutoka nje, wakafundisha kwa Kiingereza, wakachukua vijana wa Urusi, Ukraine, Bulgaria na kwingineko, na wa PhD hawalipi karo. Jengo? Wanakaa kwenye kasri la zamani la tajiri mmoja wa reli, sijui kama kuna mtu hapa kwetu angekubali hivyo bila kuomba tenda ya kujenga lingine.

Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, nao walianza 1996 na programu ya masters tu, leo Kyiv School of Economics inafundisha hadi digrii ya kwanza, na vita vilipokuja 2022 watafiti wake wakaanza kuhesabu nyumba, madaraja na shule zilizobomolewa, hesabu ikapita dola bilioni 150. Hiyo ni kazi ambayo hata mwenye duka anaelewa ni ya nini.

Lakini ukikua sana wakubwa wa serikali wanakuona pia. Sergei Guriev alikuwa rekta, yaani mkuu, wa New Economic School, chuo cha uchumi kule Moscow, wapelelezi wakaanza kumhoji, 2013 akatorokea Ufaransa. Kwa hivyo pesa ya mfadhili pekee haitoshi, mtu ajue atasimama na nani siku takwimu zake zikiudhi wakubwa.

Sasa sisi. AERC, ule muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, iko hapa Nairobi tangu 1988, yaani kabla hata ukuta wa Berlin kuanguka, na imesomesha wachumi wa nchi nyingi za Afrika. Hatukuchelewa hata kidogo! Ila 2024 Mswada wa Fedha ulipokuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5, vijana ndio walikaa kwa simu wakausoma kipengele kwa kipengele na kuutafsiri hadi lugha za nyumbani. Wachumi wetu najua walikuwa na hesabu, lakini nyingi zilikuwa ripoti ndefu za Kiingereza kizito ambazo mama mboga hawezi kufungua, na bando lenyewe ni la kukopa.

Mimi ningeomba kitu kimoja tu kwa hao wakubwa wa taasisi: kabla ya bajeti ya Juni, toeni kurasa mbili za Kiswahili zinazoonyesha kila kodi mpya itamtoa mtu wa kipato cha elfu ishirini shilingi ngapi kwa mwezi, na mwandishi aweke jina lake chini. Hata mkiwa kwa ofisi ya kukodi.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi